Mama akiokolewa, atajwe nani?

Muuguzi, Kigoma: Ndugu zangu, katika wodi ya wazazi mkunga ndiye anayeona kwanza kwamba damu iliyomtoka mama aliyejifungua imepita mililita 500, akaanza kuukanda mfuko wa uzazi, akamchoma oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, na kumwita daktari, lakini katika kikao cha asubuhi hutajwa daktari peke yake. Tufanyeje bila kuleta uhasama?

Daktari, Tabora: Dada, malalamiko yako ni ya haki kabisa. Mimi huandika kwenye faili saa niliyoitwa na yote ambayo muuguzi alikwisha kufanya, kwa kuwa zamu inayofuata lazima ijue ni dawa gani imeshatolewa.

Mkunga mstaafu, Ujiji: Mwanangu, orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008 hutaka wahusika wote wajitambulishe kwa jina na kazi kabla ya mgonjwa kupasuliwa. Aliyekwisha kusikika mwanzoni haogopi kusema anapoona presha ya mgonjwa inashuka. Vivyo hivyo, ombeni kikao cha asubuhi kianze na taarifa ya muuguzi wa zamu.

Muuguzi, Kigoma: Shikamoo mama, nashukuru sana. Nimwandikie mganga mfawidhi?

Mkunga mstaafu, Ujiji: Marahaba. Anza na kiongozi wa wodi yako.