Mrejesho: Nimekwisha kula kiapo cha uraia

Kwenu mlionijibu nilipouliza iwapo kula kiapo cha uraia wa Uingereza ni sawa na kuikana asili yangu: nimekwisha kuapa. Katika sherehe hizo, zilizoanza mwaka 2004, mtu huchagua kumwahidi Mfalme utii kwa kiapo kinachomtaja Mungu au kwa tamko lisilomtaja. Nilichagua kiapo, kisha sote tukaahidi kuheshimu haki, uhuru na sheria za nchi. Hakuna sentensi hata moja iliyonitaka nikane nilikotoka, na hilo ndilo lililokuwa likininyima usingizi. (Kama nchi yako ya asili hairuhusu uraia pacha, hilo ni suala jingine, nawe lichunguze kabla ya kuapa.) Kilichonigusa zaidi ni mzee aliyeketi kando yangu, ambaye karatasi ya maneno ilimtetemeka mkononi hata nikamshikia upande mmoja, tukasoma pamoja, kila mtu kwa lafudhi yake. Wimbo wa taifa, nakiri, niliufuatisha kwa midomo tu. Kesho yake kazini mwenzangu aliniuliza tena nitarudi kwetu lini, nami nikaishia kucheka.