Theluji imenizidi nguvu, naomba ushauri wenu

Wadau, habari zenu. Niko Minnesota, Marekani, huu ni msimu wangu wa pili wa baridi. Mwaka huu mjini kwetu magari ya kusukuma theluji yamepunguzwa. Barabara kubwa zinasafishwa kwanza, sisi wa mitaa ya ndani tunasubiri hata siku 2. Juzi imeanguka usiku kucha, asubuhi gari naliona paa tu.

Nikachimba kwa beleshi saa nzima. Nilipomaliza, greda la kusukuma theluji likapita na kuniachia tuta la theluji iliyoshindiliwa pale pa kutokea gari, gumu kama tofali. Jamani, nilitamani kulia. Mgongo unauma mpaka leo, na zamu yangu inaanza saa 12 asubuhi.

Chumvi ya kuyeyusha barafu nilimwaga mfuko mzima, barafu haikushtuka. Ilikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Mzee jirani akaniambia kwa baridi hiyo chumvi ya kawaida haisaidii, nitafute ya kalsiamu kloraidi au nimwage mchanga nipate kukanyaga. Akanikataza pia kuwasha gari kabla ya kufukua bomba la moshi, maana hewa ya sumu inarudi ndani. Nami watoto huwa nawapakia mapema wapate joto!

Sasa wazoefu, ninunue mashine ya mtumba ya kurushia theluji, au nimlipe kijana wa mtaani? Na hilo tuta la greda mnalikwepaje?