Dawa za Kichina: ni kweli hazina madhara kwa kuwa ni mitishamba?

Kijana wa Temeke: Wakuu, heshima kwenu. Dada yangu kapimwa na kile kimashine cha kushika kiganjani, kikatoa ripoti ya figo, ini, mifupa, mpaka "sumu mwilini". Kauziwa makopo ya "dawa ya Kichina" kwa laki tatu na ushee. Nikimwambia aache, ananijibu ni mitishamba, haina kemikali, na Wachina wanaitumia miaka elfu tano. Je, ni kweli? Naomba hoja, siyo matusi.

Mkemia wa Mbagala: Haina kemikali? Maji unayokunywa yenyewe ni kemikali. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 90, wanawake waliokwenda kliniki kupunguza unene walipewa vidonge vya mimea ya Kichina. Mmea mmoja ukawa umechanganywa na mwingine wa jamii ya Aristolochia. Figo za watu kama mia hivi zikaharibika, wengine wakaja kupata saratani ya njia ya mkojo. Na hicho kimashine hakihusiani na tiba yao. Tabibu wa Kichina wa jadi hushika mshipa wa mkono na kutazama ulimi.

Binti Ngamiani: "Maji yenyewe ni kemikali." Mkishapata vyeti viwili hamuwezi kuongea na mtu bila kumkejeli. Mseto unaomeza ukiumwa malaria umetoka wapi? Kwa Mchina! Yule mama Tu Youyou kapewa Nobel 2015 kwa mitishamba hiyo hiyo.

Mkemia wa Mbagala: Kapewa kwa kuitoa artemisinini, dawa iliyo kwenye huo mseto, ndani ya mmea, hakupewa kwa kuuza makopo. Mradi ule wa Wachina wa kusaka dawa ya malaria ulianza 1967, wakati wa vita vya Vietnam, askari wanakufa kwa malaria. Watafiti walikuwa wakitumia moto kuitoa dawa kwenye mmea, dawa haishiki. Akarudi kwenye kitabu cha tabibu Ge Hong cha karne ya nne, akakuta mmea unalowekwa na kukamuliwa, hauchemshwi. Hapo akahisi joto ndilo linaloua dawa, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo. Kisha panya, nyani, yeye na wenzake wakaimeza, ndipo wagonjwa. Dawa ya dada wa kaka hapo juu ilijaribiwa kwa nani? Na WHO, shirika la afya duniani, haiungi mkono kutibu malaria kwa chai ya huo mmea, dozi haieleweki.

Kamanda Mstaafu: Dawa ya huo mmea si ndiyo tuliyoifuata Madagaska kwa ndege 2020, wakati wa corona? Leo mmekuwa wanasayansi. Nyie nyie ndio mliopanga foleni Loliondo 2011 kunywa dawa ya Babu, kikombe shilingi mia tano.

Mkemia wa Mbagala: Mimi Loliondo sijakanyaga. Thibitisha.

Shangazi Tausi: Kamanda, marehemu Babu mwache alale. Alichukua mia tano, laki tatu hakuchukua. Hata mawaziri walikunywa, hujasema.

Kamanda Mstaafu: Shangazi shikamoo, ila kuna waliofia kwenye ile foleni na kuna walioacha ARV. Hilo nalo ni mia tano?

Shangazi Tausi: Marahaba. Aliyewaambia waache ARV ni nani? Leta ushahidi, usilete mdomo.

Kijana wa Temeke: Jamani, dada yangu…

Mswahili wa Lamu: Sisi wa Kenya pia tulivuka Namanga kukifuata hicho kikombe, msijione peke yenu. Lakini mnaongelea vikombe huku Mchina anamaliza vifaru wetu atafute nguvu za kiume!

Mzee wa Guangzhou: Hiyo ya nguvu za kiume tumeizua huku nje. Kwenye vitabu vyao pembe ya kifaru ni ya kushusha homa kali. Serikali yao iliipiga marufuku 1993 pamoja na mfupa wa chui milia, na magamba ya kakakuona yakaondolewa kwenye orodha rasmi ya dawa 2020. Sisemi ujangili umekwisha. Nayo "miaka elfu tano" ni biashara. Vitabu vya kale vipo, vingi na vinapingana. Mfumo uliounganishwa kuwa mmoja, ule unaofundishwa vyuoni, ulipangwa miaka ya 1950 wakati wa Mao, madaktari wa kisasa walipokuwa wachache. Daktari wake mwenyewe aliandika kwamba Mao alizisifu dawa hizo ila hakuzinywa.

Binti Ngamiani: Umesoma kwa hela yao halafu unawasema.

Mzee wa Guangzhou: Nilisoma kwa hela ya baba yangu, aliyeuza ng'ombe.

Mswahili wa Lamu: Haya, pembe tuache. Na punda? Ile ejiao ni gundi inayochemshwa kutoka kwenye ngozi ya punda, wanawake wanaambiwa inaongeza damu. Huku mtu analala ana punda, anaamka kakuta mzoga uliochunwa. Kenya tulifunga machinjio 2020. Nyie mlingoja mpaka 2022.

Kamanda Mstaafu: Na mahakama yenu ikafungulia 2021, mbona hilo umelimeza? Mpaka Umoja wa Afrika ulipokuja kukataza bara zima 2024.

Muuguzi wa Zamu: Kijana wa Temeke, kopo liangalie lina usajili wa Tanzania au hapana. Dawa za namna hiyo zimewahi kukutwa zimechanganywa steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe) na vidonge vya hospitali kimyakimya, ndiyo maana mtu anajisikia nafuu upesi. Dada apimwe figo na ini hospitali, na hilo kopo aende nalo.

Mswahili wa Lamu: Kamanda, mahakama si serikali. Kwenu punda walichinjwa kwa kibali.

Kamanda Mstaafu: Na kwenu waliibwa bila kibali. Kipi afadhali?

Shangazi Tausi: Kamanda, punda unawajibia, mimi bado nangoja ushahidi wa ARV.