Wenye simbilisi, tupeane uzoefu: uvimbe na vidonda mlivitibuje?

Mama Wawili:
Wakuu, jana jioni mwanangu kanijia jikoni kamkumbatia simbilisi wake, anasema, "Mama, shingoni mwake kuna kokoto." Nikapapasa chini ya taya, kweli, kitu kigumu kama punje ya hindi kinateleza chini ya ngozi. Miguu iliniisha nguvu. Mwaka juzi nilianza hivi hivi.

Tulikuwa na jike jeupe lenye madoa ya kahawia. Uvimbe ulianza mdogo, nikasema huyu kanenepa tu. Baada ya wiki ukawa kama ndimu, kula akawa anasuasua. Nilikimbilia duka la dawa, nikaeleza, nikapewa kapsuli za amoksilini, nimwage unga kidogo kwenye maji nimnyweshe asubuhi na jioni. Siku ya kwanza alitafuna mchicha, nikafurahi. Siku ya tatu akaanza kuharisha maji matupu, manyoya yamesimama, kajikunja kwenye kona, masikio ya baridi. Nilimlaza kifuani chini ya khanga usiku kucha. Alfajiri akakata roho. Lile jipu lenyewe wala halikuwa limepasuka! Baadaye sana ndipo daktari wa mifugo akanieleza kwamba ile dawa ndiyo iliyomuua, jipu halikuwa limefika huko.

Safari hii sitaki kukosea. Mliopitia haya, semeni.

Binti Tukuyu:
Pole sana dada. Hilo la kapsuli hata mimi nimezika wawili.

Mwana Makete:
Kwetu simbilisi wanakaa jikoni tangu enzi za bibi, wanaokota maganda na majani chini ya meza, na sijawahi kuona mtu anampeleka hospitali. Jipu likiiva bibi anapasua kwa wembe, anakamua, anapaka majivu, kesho mnyama anakimbia. Lisipopona, ni kitoweo.

Neema wa Mafinga:
Mwana Makete, mwenzako kaeleza uchungu wake, wewe unaleta habari za kitoweo? Na nyama yenye usaha unawalisha wanao?

Mwana Makete:
Nimesema ya kwetu, sijamtukana mtu. Kwetu simbilisi ni mboga, na nimewapenda tangu utotoni. Vyote viwili vinawezekana.

Neema wa Mafinga:
Basi heshimu wanaowafuga kama watoto.

Bwana Mifugo Mstaafu:
Tulieni jamani. Mama Wawili, ulichoambiwa ni kweli. Amoksilini, ampisilini na penisilini zote za kunywa ni sumu kwa simbilisi. Zinaua vijidudu vizuri vya tumboni, vibaya vinabaki peke yao, vinatoa sumu, mnyama anaharisha mpaka anakufa. Zipo antibiotiki anazozivumilia, kama enrofloksasini au mchanganyiko wa salfa na trimetoprimu, ila kipimo kinapigwa kwa uzito. Simbilisi mkubwa ni kilo moja hivi, huwezi kumkadiria kama mbuzi.

Uvimbe wa shingoni mara nyingi ni tezi zilizojaa usaha. Mdudu wake ni wa jamii ya streptokokasi, anapita kwenye michubuko ya mdomoni, mnyama akila mabua makavu au nyasi zenye miba, au wakiumana. Mtenge na wenzake, maana unaambukiza. Lakini uvimbe wa mgongoni karibu na matako, usiouma, mara nyingi unatokana na vinyweleo tu, wala si wa hatari.

Dereva wa Tunduma:
Mnaongelea majipu, mimi nimeona makubwa.

Nilikuwa na madume mawili banda moja, ndugu wa tumbo moja, nikajua hawatagombana. Nikasafiri siku nne. Narudi saa mbili usiku, umeme umekatika, nikasikia harufu kabla sijafungua banda. Yule mweusi mwenye manyoya marefu kakaa kimya. Namulika kwa simu, sioni kitu. Nikampitishia mkono mgongoni, manyoya yamegandana, nikayapanua. Wakuu, mabuu! Alikuwa kaumwa na mwenzake, kidonda kidogo tu kama ukucha, nzi wakataga humo.

Mke wangu kashika simu, mimi na kibano cha nyusi, tumekaa sakafuni mpaka saa nane. Nilikata manyoya yote ya pembeni kwa mkasi, nikamwagia maji ya uvuguvugu yenye chumvi, mabuu yanatoka nachomoa moja moja. Nilihesabu 43, nikaacha kuhesabu. Hakupiga kelele hata mara moja, alitetemeka tu. Asubuhi daktari akamchoma sindano, akatuambia tungechelewa siku moja zaidi angeliwa akiwa hai. Alipona. Hapo mgongoni manyoya yameota yakielekea upande wake mpaka leo.

Binti Tukuyu:
Mungu wangu. 43?

Kaka wa Kihesa:
Nimeacha kula. Na yule aliyemng'ata ulimfanyaje?

Dereva wa Tunduma:
Nilimtengea banda lake. Hana kosa, ni dume, na mimi ndiye niliyewaweka pamoja.

Neema wa Mafinga:
Kwa vidonda vidogo mimi natumia GV, ile dawa ya maji ya zambarau. Inakausha.

Kaka wa Kihesa:
GV hapana, wanalamba, mdomo wote unakuwa zambarau. Asali ndiyo dawa.

Neema wa Mafinga:
Asali inaita sisimizi. Nimefuga miaka sita mimi.

Bwana Mifugo Mstaafu:
Anzeni na maji ya chumvi. Kijiko cha chai kwenye nusu lita ya maji yaliyochemshwa, yakipoa osha. Iodini ya vidonda nayo inafaa ukiipunguza mpaka ifanane na chai ya rangi isiyokolea. Spiriti acheni, inachoma nyama inayoota. Na kama vidonda haviponi, angalieni chakula. Simbilisi hatengenezi vitamini C mwilini, kama sisi binadamu. Hoho kipande kila siku, mchicha, majani mabichi.

Mwana Makete:
Wa jikoni kwa bibi walikuwa wanakula majani mabichi kutwa. Labda ndiyo maana walikuwa wanapona.

Bwana Mifugo Mstaafu:
Hapo umenena, mkuu.

Kaka wa Kihesa:
Na wenye mabanda ya wavu chini, wageuzeni muangalie nyayo. Wangu alianza na wekundu, nikapuuza, mguu ukavimba kama kidole gumba changu. Sasa naweka maranda na nyasi kavu, nabadilisha kila baada ya siku mbili.

Mama Wawili:
Nimerudi, wakuu. Leo tumempeleka. Daktari kanyoa, kapiga ganzi, kapasua. Usaha umetoka mzito kama dawa ya meno, mweupe, mwanangu ndiye aliyeshika taulo na hakuangalia pembeni. Tumepewa dawa ya kunywa kwa bomba la sindano na kuosha mara mbili kwa siku. Tumefika nyumbani kala jani zima la kabichi. Swali moja: tundu likianza kuziba niache kuosha?

Bwana Mifugo Mstaafu:
Usiache, wala usiliache lizibe juu haraka. Likijifunga ngozi na ndani bado kuna usaha, jipu linarudi. Bandua kigaga kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, osha, mpaka uone nyama nyekundu inajaa kutoka chini.