Wikendi kwa treni na marafiki hadi vijiji vya pwani: tupeane uzoefu

Msafiri wa Syokimau (mleta mada)

Habari za Ijumaa wakuu. Mimi ni Mtanzania, nafanya kazi Nairobi. Kundi letu la marafiki lilikuwa limechoka kukutana kwenye nyama choma kila mwisho wa mwezi, watu wale wale, stori zile zile. Safari hii tukapanda Madaraka Express, treni ya SGR ya Nairobi hadi Mombasa, na kwenda kulala kisiwa cha Wasini, kusini ya Mombasa. Naanza na yetu, nanyi mlete zenu. Ila sitaki habari za hoteli za Diani na Nyali. Nataka vijiji, pale ambapo jioni unasikia adhana huku watoto wanagombea mpira ufukweni.

Tulichukua treni ya saa tisa alasiri. Daraja la kawaida ni shilingi 1,500 za Kenya, bei iliyoanza Januari 2024. Kabla ya hapo ilikuwa 1,000. Tiketi unalipia kwa simu, *639#, na kila abiria lazima awe na namba ya kitambulisho au pasipoti. Fikeni mapema. Pale Syokimau, stesheni ya Nairobi, mizigo inapangwa chini kwa mstari, mbwa wanapita kunusa, halafu ndani unakutana na mashine za ukaguzi. Mwenzetu mmoja alikuwa amebeba chupa ya mvinyo. Chupa haikusafiri.

Kama unakwenda Mombasa, Kilimanjaro uko upande wa kulia, mawingu yakikubali. Ndani ya Tsavo usihangaike na upande, tembo wako kote kote, na ni wekundu kweli kwa ule udongo wa kule.

Treni ndiyo sehemu nyepesi. Kazi inaanzia Miritini, stesheni ya Mombasa. Stesheni iko mbali na mji, mnashuka gizani, mna njaa, na kila dereva wa teksi anawaona nyinyi ni watalii. Tulilala mjini, alfajiri tukavuka Likoni (kwa miguu kivuko hakina nauli), tukadaka matatu ya Lunga Lunga, tukashuka Kanana, kisha bodaboda hadi Shimoni, kisha mashua.

Wasini hakuna gari hata moja. Njia ni za miguu tu, kati ya nyumba na mawe ya matumbawe. Kina mama wa kijiji wana daraja lao la mbao linalopita kwenye mikoko na bustani ya matumbawe ya kale, unalipa kiingilio, unatembea. Mchana tukaletewa kaa wa kuvunja kwa kijiti, ndimu pembeni, mwani wa kukaanga na wali wa nazi. Mwani niliutilia shaka hadi nilipoona sahani ya jirani imeisha.

Haya, uwanja ni wenu.

Mama Zawadi

Mimi napandia Voi, kwa hiyo treni yangu ni ile ya saa mbili asubuhi kutoka Nairobi, inayosimama Emali, Kibwezi, Mtito Andei na kwingine. Wa Nairobi wanaikimbia wakisema inachelewa. Sisi wa katikati ndiyo yetu, na unaiona nchi mchana kweupe.

Tulikwenda Gazi, wanawake wa chama chetu. Badala ya kununua sufuria mpya mwisho wa mwaka tukasema tujinunulie bahari. Tulikodi matatu mapema, ikatungoja Miritini, ikapita barabara mpya ya Dongo Kundu hadi upande wa Kwale bila kugusa kivuko. Mwenye kundi na mizigo aache kujitesa Likoni, njia hiyo ndiyo hiyo.

Gazi nayo ina daraja la kina mama ndani ya mikoko, na ndiyo kijiji cha Mikoko Pamoja. Ni mradi ulioanza 2013, wanalinda mikoko na kuuza hewa ya ukaa, yaani wanalipwa kwa hewa chafu inayofyonzwa na mikoko, na pesa zinarudi kwenye maji na shule za kijiji. Mama aliyetutembeza alitupa hesabu ya mradi bila karatasi, hekta 117. Halafu akatuuliza sisi chama chetu kina nini. Tulicheka, lakini kwenye matatu ya kurudi hilo swali ndilo lililozungumzwa, si samaki.

Kifaru Mpole

Mi sioni haja ya treni. Basi la usiku linakushusha mjini kabisa, asubuhi uko kwenye mahamri na mbaazi.

Msafiri wa Syokimau

Kifaru, kwenye basi utacheza karata na nani? Treni viti vinatazamana, meza katikati. Nusu ya safari yetu ilikuwa pale.

Mzee wa Behewa

Kifaru ana hoja moja, hiyo ya kushushwa mjini. Gari la moshi la zamani, lile lililoacha kubeba abiria 2017 hii mpya ilipokuja, liliingia hadi ndani ya Mombasa. Uliondoka Nairobi jioni. Usiku unaitwa kula kwa zamu, kitambaa cheupe mezani, uma na visu vizito vya tangu enzi ya mkoloni. Ukirudi unakuta kitanda kimetandikwa. Asubuhi unafungua dirisha karibu na Mazeras, minazi imeanza, joto linaingia na harufu yake. Ukishuka unakwenda kwa miguu hadi Mwembe Tayari.

Nisiseme uongo, lilichelewa. Kuna siku tulipaswa kufika asubuhi tukafika adhuhuri, na hakuna aliyeshangaa. Tulikuwa vijana, tunakwenda Takaungu kwa jamaa wa mmoja wetu, hapo kusini ya Kilifi. Kijiji cha Wamazrui wa kale, ukoo uliowahi kutawala Mombasa, na ufuo wake una tabia: maji yakijaa huuoni, yakitoka unauona mweupe kama umetandazwa asubuhi hiyo. Vijana wa sasa wanapapita wakikimbilia Watamu. Wapite tu.

Nahodha wa Kusi

Assalaam alaikum. Mie ni mtu wa Shimoni, kazi yangu chombo. Nimewasoma nyote, sasa nisikizeni na mie.

Watu wa bara mwaja kwa kalenda ya mshahara. Bahari haijui mshahara. Kuanzia Aprili hadi Septemba ni upepo wa kusi, na mwezi wa sita na wa saba huko Kisite, hifadhi ya bahari, mawimbi si ya mtu aliyekunywa chai nzito. Njooni wakati wa upepo wa kaskazi, Novemba hadi Machi, maji yatulia, waona samaki hadi chini, na pomboo waja wenyewe. Tena muulize mwenyeji wako maji yatoka saa ngapi. Bustani ile ya Wasini ukenda maji yametoka wapita chini ya mawe, ukenda wakati wa bamvua, maji makubwa, yamejaa wayatazama kutoka juu ya mbao tu.

La pili, nguo. Kuogelea vaa utakavyo ukiwa ndani ya maji na kwenye mashua. Ukishuka kijijini jifunge leso. Si sheria ya serikali, ni watu wako kwao. Pombe usiulize. Na usimpige picha mama akipaa samaki bila kumwambia. Muombe, mara nyingi atakubali na atakupa na kiti.

La tatu, bei. Patana kabla ya kupanda, useme mashua, chakula na kiingilio cha hifadhi viko ndani au viko nje. Hifadhi hailipwi kwa noti siku hizi, ni kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali. Kuna vikundi vyafika kisiwani ndipo vyaanza kutoa hesabu, huyu hana, yule simu imezima. Mafuta ya mashine nimeshayatia mie.

Kidoti

Hilo la "huyu hana" limenigusa. Kwetu group la WhatsApp lilisema ndiyo kwa sauti moja, emoji za mitumbwi na miwani. Siku ya kulipa nusu ikapotea. Mmoja akafiwa na ng'ombe.

Binti wa Milano

Salaam kutoka Italia, nasoma huku. Naomba niingize na ya kwetu kwa sababu ni treni, marafiki na vijiji vya pwani vile vile. Cinque Terre, vijiji vitano kati ya Levanto na La Spezia: Monterosso, Vernazza, Corniglia, Manarola na Riomaggiore. Tulikuwa Waafrika Mashariki watupu, Mkenya, Mganda, Mnyarwanda na mimi wa Tanga. Kutoka Milano ni kama saa tatu, unapita Genova.

Msidanganyike na picha. Treni ya pale kijiji hadi kijiji ni dakika chache, na karibu zote uko ndani ya mlima. Giza, giza, halafu bahari inakupiga usoni sekunde mbili, halafu giza. Mganda wetu alishika simu tayari kupiga picha njia nzima, akapata picha za ukuta.

Kuna kadi ya siku unayonunua, unapanda na kushuka utakavyo. Wenye tiketi ya karatasi ya treni za kawaida wagonge muhuri kwenye kimashine cha stesheni kabla ya kupanda, la sivyo ni faini. Corniglia pekee haiko usawa wa bahari, iko juu ya jabali, na kutoka stesheni kuna ngazi karibu 380. Kuna kibasi, lakini Mkenya alisema hawezi kulipa basi wakati babu yake alipanda milima bure. Katikati ya ngazi babu hakutajwa tena.

Kilichonishika mimi ni kuta za mawe makavu, yasiyo na saruji, zilizoshikilia mashamba ya zabibu juu kabisa ya bahari. Na dagaa wao wa Monterosso, wanene, wanalazwa kwenye chumvi. Nikamwambia mama muuzaji kwetu tunaanika, akaniuliza mnaanika muda gani. Tukaelewana kwa vidole.

Mwaka 2011, mwezi wa kumi, mafuriko yaliishukia Vernazza na Monterosso, yakajaza matope mitaani. Ukitembea leo huwezi kujua, ila wenyeji wanajua. Lala La Spezia, ni nafuu.

Mwana Pangani

Binti wa Milano, wewe wa Tanga unatuumiza. Wajerumani walianza reli yetu Tanga 1893, wakafika Moshi 1911. Leo mtu anayetaka kuja Pangani kwa treni anafanyaje? Sisi tulipanda ile ya Dar kwenda Arusha tukashuka Korogwe, tukamalizia kwa mabasi, Tanga kisha Pangani. Abiria wenzetu wakatuona wehu. Lakini ile asubuhi mtoni, unangoja pantoni ya kwenda Bweni ng'ambo, unakula mihogo, upande huu majumba ya kale yanamomonyoka taratibu, mji ambao Abushiri, aliyewapinga Wajerumani, alinyongewa Desemba 1889… niliona ilistahili. Ufukweni Ushongo tulikaa kuliko tulivyopanga.

Msafiri wa Syokimau

Mwana Pangani, hiyo tunaiweka ya Pasaka. Nahodha, niambie kwa kundi la kwanza la Desemba maji yanatoka saa ngapi Jumamosi.

Nahodha wa Kusi

Nitumie tarehe kwanza. Na tuma na nusu ya pesa ya mafuta.