Tupeane uzoefu: unapunguzaje MB za apdeti za Linux?

Wakuu habari za humu. Kila mtu anayehamia Linux huku anategemea bando la simu anauliza swali lilelile, apdeti zinakula MB nifanyeje, na jibu analopewa mara nyingi ni "zima apdeti", jibu ambalo mimi silikubali hata kidogo maana ndani ya hizo apdeti ndimo yanamozibwa matundu ya usalama ya brauza na kerneli (kiini cha mfumo). Unaweza kubaki na apdeti na bado MB zikapungua. Naanza na yangu halafu kila mtu aweke ya kwake, ila tuseme tulichokifanya wenyewe, na utaje distro yako, yaani aina ya Linux unayotumia.

Mimi niko Ubuntu 24.04 kwa hotspoti ya simu. Kilichonisaidia kuliko vyote ni kusoma kile apt, ile amri ya kusakinisha na kusasisha, inachoandika kabla ya kubonyeza Y. Ukipiga sudo apt update, ile mistari inayopita haraka ina mengi ndani yake. Utaona Packages, orodha za pakiti (programu) zenyewe, hizo ni lazima, ila utaona pia Translation-en (maelezo ya pakiti), DEP-11 48x48 Icons, DEP-11 64x64 Icons. Hizo ikoni ni za lile duka la programu lenye picha, na mimi nasakinisha kila kitu kwenye terminali sasa ikoni za nini? Nikafungua faili jipya /etc/apt/apt.conf.d/99punguza nikaweka

Acquire::Languages "none";
Acquire::IndexTargets::deb::DEP-11::DefaultEnabled "false";

na mistari mingine kama huo wa pili kwa DEP-11-icons na DEP-11-icons-small. Halafu piga dpkg --print-foreign-architectures, ikikujibu i386 na wewe hutumii Steam wala Wine basi kila apt update unashusha orodha ya mashine za biti 32 ambazo huna. Unaiondoa kwa sudo dpkg --remove-architecture i386, ikigoma ujue kuna pakiti ya i386 bado imo.

Mzigo mwingine ni linux-firmware, pakiti ya fimwea, yaani mafaili ya kuendeshea vifaa kama kadi ya wifi. Kwa Ubuntu 22.04 na 24.04 hiyo pakiti moja inazidi MB 200, na kila ikitoka mpya unaishusha nzima hata kama kilichobadilika ni faili la kadi ya wifi usiyokuwa nayo. Mimi nimeishikilia kwa sudo apt-mark hold linux-firmware na naiachia siku nikiwa kwenye wifi ya ofisini. Karibuni.

Fundi wa Nyegezi

Asante mkuu kwa kufungua hii. Mimi ni fundi, kazi yangu ni kuwawekea watu Linux Mint kwenye laptopu za zamani hapa Mwanza, kwa hiyo apdeti ileile naihitaji kwenye mashine nyingi kwa wakati mmoja. Ninachofanya nashusha mara moja tu kwenye mashine ya kazini halafu nahamisha kwa fleshi. Wengi hawajui kwamba apt na apt-get zina tabia tofauti hapa, ukitumia apt zile deb (faili za pakiti) zinafutwa ikishamaliza kusakinisha, ila apt-get inaziacha pale /var/cache/apt/archives. Basi mimi natumia apt-get, nikimaliza nachukua deb zote naziweka kwenye fleshi, nikifika kwa mteja nazimwaga kwenye folda hiyohiyo ya mashine yake, napiga update, halafu upgrade.

Sasa angalia ile sentensi yake. Kama kawaida inasema Need to get 312 MB, baada ya kumwaga zile deb inakuandikia Need to get 9 MB/312 MB, yaani namba ya kushoto ndiyo utakayolipia, ya kulia ndiyo mzigo wote. Ukiona kushoto 0 B mteja anatabasamu kabisa. Ila lazima toleo lifanane, deb za Mint 21 usizipeleke kwenye 22, na update lazima upige kwanza ili mashine ijue inataka matoleo gani.

Mwalimu wa Kompyuta

Fundi umenikumbusha maabara yetu. Shule iko wilayani, tuna modemu moja na kompyuta za Debian darasa zima, na kila moja ilikuwa inashusha kivyake. Dawa yetu ni apt-cacher-ng, programu inayotunza nakala ya kila pakiti iliyoshushwa (kashe). Unaisakinisha kwenye mashine moja tu, ile iliyo kwenye umeme muda wote, inasikiliza poti 3142. Kwenye zile nyingine unaweka faili dogo /etc/apt/apt.conf.d/00proxy lenye mstari mmoja

Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";

hiyo namba weka ya mashine yako. Kompyuta ya kwanza ikiomba Firefox inashushwa kutoka nje, ya pili hadi ya mwisho zinaipata kwa waya wa ndani, sekunde chache tu. Fungua kwenye brauza anwani ya hiyo mashine ukimalizia na /acng-report.html utaona ngapi zimetoka ndani na ngapi zimetoka nje. Nilipowaonyesha wanafunzi huo ukurasa ndipo walipoelewa kashe ni nini, somo ambalo ubaoni lilikuwa linawapita.

Panapowasumbua watu ni ripo (hazina za pakiti mtandaoni) za https, mfano ya brauza au ya Docker uliyoongeza mwenyewe, apt-cacher-ng itazikataa na apt itaandika 403. Kwenye faili la ripo badilisha https:// iwe http://HTTPS/// hivyohivyo na mikwaju mitatu, yenyewe itakwenda nje kwa https na kuhifadhi. Msiogope kwamba mtandao wa ndani ni http, apt inahakiki sahihi ya ripo na hashi za pakiti zenyewe, kitu kikibadilishwa njiani kinakataliwa.

Msomaji wa Eldoret

Niko na swali kidogo kwanza. Watu wanasema ukibadilisha mira (seva yenye nakala za pakiti) uweke ya karibu bando itapungua, ni kweli?

Mwalimu wa Kompyuta

Hapana ndugu yangu, mira ya karibu inaongeza kasi tu. Faili la MB 60 ni MB 60 litoke Nairobi au Ujerumani.

Msomaji wa Eldoret

Sawa mwalimu, shukrani. Basi yangu ni ya Fedora. Zamani tulikuwa na deltarpm, unashusha tofauti peke yake kati ya toleo la zamani na jipya halafu mashine yako inaunganisha rpm (faili la pakiti la Fedora) nzima hapo kwako. Kwa mtu wa bando ilikuwa kitu ya maana sana, lakini prosesa kama ni dhaifu unangoja kweli, na ikishindwa kuunganisha inarudi kushusha rpm nzima, kwa hivyo umelipa mara mbili. Tena pakiti nyingi hazikuwa na delta yoyote. Fedora 40 ikaiondoa, hiyo ilikuwa 2024, na watu wengi walilia lakini mimi nikifikiria vizuri naona toleo hilohilo lilitupea kitu kingine, dnf (ndiyo apt ya Fedora) ikaacha kushusha zile orodha kubwa za mafaili mpaka kuwe na haja. Kwa mtu anayefanya dnf kila siku hiyo ndiyo inaonekana kwa bando.

Mambo mawili nafanya. Moja ni dnf upgrade --security kwa wiki za kawaida, zile zingine nangoja nikienda kwa wifi. La pili ni kuambia mashine hii laini inalipiwa, nmcli connection modify "jina la hotspoti" connection.metered yes. Ukishaweka hiyo, lile duka la programu la GNOME (GNOME Software) haliendi kushusha apdeti nyuma ya mgongo wako.

Binti wa Tanga

Hiyo ya metered naiunga mkono kwa nguvu zote, na kwa Ubuntu ifanyeni pia kwa snap, zile programu za Ubuntu zisizopitia apt, maana zinajisasisha zenyewe, hazingoji uziruhusu. sudo snap set system refresh.metered=hold, hapo ukiwa kwenye laini uliyoitia alama ya kulipiwa zinasubiri. Kama hutaki kubahatisha, sudo snap refresh --hold inazishika zote mpaka uziachie, ila basi uwe na siku yako ya kuziachia, Firefox ya Ubuntu ni snap na brauza ya miezi kadhaa nyuma mimi singeingia nayo benki. Snap yenyewe inajua kushusha tofauti tu kati ya matoleo, kwa hiyo usishangae ukiona imeshusha pungufu ya saizi iliyoandikwa.

Na kuhamisha kwa fleshi inawezekana. snap download inakupa faili mbili, moja .snap na nyingine .assert, zote mbili zichukue. Kwenye mashine ya pili unaanza na sudo snap ack kwa ile .assert kisha snap install kwa ile .snap. Ukiisahau .assert itakukatalia, na watu wanaishia kuweka --dangerous, tafadhali msifanye hivyo, hapo unasakinisha kitu ambacho hakijahakikiwa na apdeti zake hazitakuja tena.

Fundi wa Nyegezi

Dada hapo umenena. Na Flatpak je, ule mfumo mwingine wa kusakinisha programu? Wateja wangu wanaipenda ila ile ya NVIDIA inanitoa jasho, dereva ikibadilika toleo kwenye mfumo basi Flatpak nayo inataka GL (sehemu ya dereva ya michoro) yake mpya, mamia ya MB.

Binti wa Tanga

Kaka hiyo ya NVIDIA sina ujanja nayo zaidi ya kushikilia dereva isibadilike ovyo. Ila nyingine zote Flatpak ni nzuri kuliko inavyosemwa, inashusha mafaili yaliyobadilika tu, ndiyo maana pale kwenye saizi inaweka alama ya pungufu ya, mfano < 280 MB, na mara nyingi inaishia chini sana ya hapo. Weka flatpak config --set languages "en;sw" ili isishushe tafsiri za lugha za dunia nzima, na flatpak uninstall --unused kabla ya update ili usisasishe ranitaimu (msingi ambao programu zinaendeshwa juu yake) ambayo hakuna programu inayoitumia. Kwa wateja wako kuna flatpak create-usb, ila kwanza piga flatpak remote-modify --collection-id=org.flathub.Stable flathub kwenye mashine zote mbili, bila hiyo inakataa.

Mtu wa Shambani

Mimi ninakokaa intaneti ya kuaminika ipo mjini tu, kwa hiyo natumia apt-offline, inayoniwezesha kushushia apdeti kwenye kompyuta nyingine. Nyumbani napiga sudo apt-offline set ombi.sig, napeleka hilo faili dogo mjini kwa fleshi, huko kwenye kompyuta yoyote yenye Python hata ya Windows napiga apt-offline get ombi.sig --bundle mzigo.zip, nikirudi ni sudo apt-offline install mzigo.zip kisha upgrade ya kawaida. Kitu ambacho maelezo mengi hayasemi ni kwamba ile upgrade inahesabiwa kwa orodha ulizonazo nyumbani, kwa hiyo kama orodha ni za zamani safari moja ni ya orodha na nyingine ndiyo ya pakiti. Mimi nazipanga safari zote mbili wiki moja ya gulio, maana mjini nakwenda tu hata hivyo.

Na nimehamia Debian stable kwa sababu hiyohiyo. Ukiacha za usalama, apdeti zake zinakusanywa na kutoka pamoja takriban kila miezi miwili, na fimwea zimegawanywa, mwenye wifi ya Intel anachukua firmware-iwlwifi peke yake, mwenye Realtek firmware-realtek. Mkuu mwenye mada, ile MB 200 ya linux-firmware unayoishikilia kwangu haipo kabisa.