Ng'ombe na wanyamapori: tunahukumu malisho kwa msimu upi?

Mleta mada: Kila mjadala wa mifugo na uhifadhi unapowaka, iwe Ngorongoro au Laikipia, huja hoja ileile: ng'ombe na wanyamapori wanagombea nyasi, kwa hiyo mmoja aondoke. Naipinga, kwa sababu haisemi ni msimu upi. Tuanzie kwenye meno, maana yanabeba alama za alichokula mnyama.

Nyasi zina chembe za silika (madini magumu kama ya mchanga), na juu yake hukaa vumbi. Wataalamu bado wanabishana ni kipi kinachosaga magego zaidi, na kwenye tambarare za Serengeti zenye majivu ya volkano ubishi huo una uzito. Chini ya hadubini, gego la mla nyasi hujaa mikwaruzo; la mla majani ya vichaka mara nyingi huwa na vishimo zaidi. Swala pala hula vyote: masika nyasi changa, kiangazi vichaka. Lakini alama hizo hufutika na kuchorwa upya ndani ya siku au wiki chache, hivyo fuvu la mnyama aliyekufa Septemba linasimulia mlo wake wa mwisho tu. Na nyumbu wengi hufa kiangazi! Ukikusanya mafuvu yao, umekusanya habari za miezi ya njaa, si za mwaka.

Mchangiaji: Mkuu, kiangazi ndicho kinachoua. Wakigombana miezi hiyo, neema ya masika inamsaidia nani?

Mleta mada: Inamsaidia mfugaji, ndugu yangu. Majaribio ya Laikipia yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba ng'ombe waliochangia malisho na wanyamapori waliongezeka uzito pungufu kuliko wenzao waliolisha bila wanyamapori wakati wa kiangazi, ila masika waliwapita, kwani pundamilia walikuwa wamepunguza mabua makavu. Anayeumia na anayenufaika hapo ni ng'ombe yuleyule.

Mchangiaji: Hiyo ni Laikipia. Ngorongoro je?

Mleta mada: Ndiyo maana nataka ipimwe hukohuko. Gego refu la pundamilia au ng'ombe hujijenga tabaka kwa tabaka, na kaboni ya nyasi za kitropiki hutofautiana na ya miti na vichaka. Ukichukua sampuli kutoka juu hadi chini ya jino, unapata misimu kwa mfuatano. Wapimwe ng'ombe na wanyamapori wa eneo moja kabla ya familia yoyote kuambiwa ihame. Anayeona hilo ni kuchelewesha mambo aseme hapa: yeye anatumia ushahidi wa miezi ipi?